Mwache Atazame

Katika treni ndogo ya Docklands, huko kwa Waingereza, ile iendayo bila dereva, Mzee Hussam alimwamini mtu mmoja tu, mwanamke wa kufunga milango. Jina lake hakulijua. Aliijua mikono yake mipana, ufunguo alioufunga kiunoni kwa mnyororo, na tabia yake ya kutoa kichwa nje kabla hajauzungusha, akitazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Abiria wenye haraka waliguna. Mzee naye aliguna, ila aliwagunia wao. Makondakta wa kweli walikwisha, zikabaki mashine na watu wasio na subira.

Asubuhi moja pale kituo cha Canning Town, mzee alitangulia kuingia, kama alivyolelewa: mume mbele, mke nyuma. Alipogeuka, mkewe, Bi Ghalia, hakuwapo. Umati ulikuwa umemmeza kituoni, naye hajui Kiingereza wala jina la kituo waendako. Mwanamke alishatazama kushoto na kulia, ufunguo uko tunduni. "Dereva, ngoja!" mzee alipayuka kwa Kiswahili, na dereva hayupo.

Mwanamke akatazama kushoto tena. Mkono ukasita. Bi Ghalia akaingia akihema.

"Maisha yangu yote nakufuata nyuma," alimwambia mumewe, "leo nusra unitupe!"

"Baba," mwanamke alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mkwaruzo, "siku nyingine mama aingie kwanza."

Kituo kilichofuata, mwanamke alipotoa kichwa nje, kijana mmoja aliguna.

"Mwache atazame!" mzee alifoka.