Mwoka mikate wa Altamura na kivumishi kilichomwangusha

Saa tatu asubuhi, dukani kwake mjini Altamura, kusini mwa Italia, Mimma Loporcaro anatoa mikate tanurini kwa koleo refu la mbao, huku midomo ikimcheza kwa Kilatini.

"Acer, acris, acre…"

"Wingi, umbo la kumiliki!" anamkatiza mzee Vitantonio, fundi lipu mstaafu, hata salamu hajatoa.

"Acrium. Unataka nusu au mzima?"

"Mzima. Na maana yake?"

"Kali. Kisu kikali, siki kali, mbwa mkali. Na mteja mkali asiyejua kusalimia."

Duka zima linacheka, Vitantonio akiwa wa kwanza.

Alhamisi ijayo Mimma, mwenye miaka 41, atafanya mtihani wa mdomo wa Kilatini ili apate cheti cha sekondari. Mwaka jana aliangushwa na kivumishi hichohicho. Mwisho wake hubadilika kufuata jinsia, idadi na kazi ya neno katika sentensi, naye alikuwa amekariri yote mfululizo, kama anayesali rozari. Mwalimu alipomkatiza katikati, akapotea.

"Nilienda kulia chooni," anasema. "Nikanawa, nikarudi kuoka."

Ndipo akawaomba wateja wamkatize watakavyo. Hawakungoja kubembelezwa. Wengine humpigia simu kabisa, wanauliza umbo moja na kukata. Nami nilijaribu, akanijibu "acribus" kabla sijafunga mdomo. Ubishi wa mama huyu naupenda, wala sifichi.

Kaka yake Nicola, anayekanda naye unga, hana habari na Kilatini.

"Cheti hakiliwi, Mimma. Tanuri unalo, unataka nini tena?"

"Kumaliza," anajibu bila kugeuka. Kisha ananiambia mimi: "Nilikuwa na miaka kumi na sita baba alipougua. Walikuja kunitoa darasani katikati ya somo. Vitabu niliviacha kwenye dawati, nikijua Jumatatu nitarudi."

Akifaulu, atasomea ualimu wa shule ya msingi. Lakini kwanza Alhamisi. Siku hiyo duka litafungwa, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya baba yao.

"Sasa sisi tutakula nini?" Vitantonio analalamika.

"Mkate wa Jumatano, mzee wangu, hautakuua." Mimma anakung'uta unga mikononi. "Alhamisi mwokaji hayupo. Yuko shule."