Mama wa Mafunjo

Zamani kinamasi cha pale Mto Sondu unapoingia ziwani kilimeza ng'ombe mzima na pembe zake, lakini siku hizi hata kuku anakivuka bila kulowa kucha. Mzee Enos alilisema hilo kwa uchungu kila siku, na uchungu ulizidi alipokuja mama mmoja kutoka mtaa wa Migosi mjini eti kukifufua. Mama huyo alishinda ameinama akipanda vipande vya mizizi ya mafunjo, kila kimoja akikikanyaga kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayezima sigara. Kabla ya kupanda aliukamua udongo mweusi mkononi kama nguo. Usipotoa tone, aliutukana kwa Kijaluo, akasema, "Bwana asifiwe," kisha akasogea mbele. Siku moja aliufuata ukavu huo mpaka kwenye mtaro mrefu uliotoa maji kinamasini na kulinda mahindi ya Mzee Enos.

"Mzee, nani alichimba huu mtaro?"

"Serikali."

Aliutazama ulivyonyooka, akacheka hadi akashika kiuno. "Kazi safi hivi, Baba? Serikali gani hiyo?"

Mzee Enos alikohoa bila kikohozi. Alikuwa ameuchimba mwenyewe ujanani, wiki tatu, na akajisifu mpaka kanisani. Mara ya mwisho mzee kumwona, mama yule alikuwa akiuziba mtaro kwa magunia, amesimama ndani yake, maji kiunoni, amekumbatia gunia la mwisho la udongo kama mtoto mnene, akingoja neno la mzee. Maji yalikuwa yameshaanza kulamba mahindi.

"Ziba, mama," alisema, "kabla sijayahurumia."