Nilifuta Saa Tano za Solange

Kosa ni langu, jamani, wala sikutumwa na mtu. Nimeharibu kazi ya mwenzangu kwa kuwaza kupita kiasi!

Nimehitimu juzi tu, nafanya hesabu katika maabara moja ndogo hapa Gisenyi. Mwenzangu Solange, aliyekulia Goma, alikuwa akijaribu dawa ya uvimbe kutokana na mmea anaouchuma Mudende. Baada ya kuwapa panya dawa, alipima miguu yao iliyovimba, kila baada ya saa moja, mara sita. Matokeo hayo ndiyo yangempa nafasi ya kusomea shahada ya pili.

Akaniachia mimi hesabu. Ole wangu!

Nikaanza kuwaza: nikichagua saa ambayo dawa imefanya vizuri, si watasema nimedanganya? Nikaamua kutumia kipimo cha saa ya sita peke yake. Nikawaza tena: je, nikishawishika kuchungulia vile vingine? Basi nikavifuta vyote kwenye kompyuta, karatasi nikazichana. Nilijiona mwaminifu kama shemasi!

Hesabu ikasema dawa haifanyi kitu. Mkuu wetu akasimamisha utafiti.

Solange akaja mezani kwangu. "Lete vipimo vya saa zote, tuchore. Saa ya pili panya walikuwa wanakanyaga muzuri! Saa ya sita dawa ilikuwa imeisha mu mwili."

"Nilivifuta."

"Vyote?"

"Ili nisidanganye."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Yesu wangu! We kaka, uko sawa na mutu anafika ku arusi watu wanaosha sahani, anasema leo hakukukuwa chakula!"

Nami nikacheka. Ndipo nikaona anafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko.

Akanieleza taratibu: kwa kila panya, ningejumlisha uvimbe wa saa zote sita, nikapata namba moja inayobeba safari nzima ya dawa. Hakuna kuchagua saa, hakuna kudanganya. Rahisi hivyo!

Nafasi ya masomo amepewa mwingine. Mkuu ameturuhusu kurudia jaribio, nami ndiye ninayeshika kalamu.

"Bon, we andika tu," Solange ananiambia. "Kufikiri, niachie mimi."

Enyi wenzangu mnaoogopa kukosea, msiondoe kipimo cha mtu kabla ya kumuuliza aliyepima. Siku ile nilipovifuta, Solange alikuwa chumba cha pili, anaosha vizimba. Ningemwita tu!