Mtani Wangu Alipokililia Kiwanja cha Kigwa

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu nilichoka kuchota maji sebuleni. Nyumba yetu iko bondeni, na miaka hii kila masika godoro la mama hupandishwa juu ya kabati. Majirani wanauza na kukimbilia bara. Akiba yangu ilitosha kiwanja kimoja tu. Nikikosea, mama atazeekea majini.

Kwenye treni furaha ilininyima usingizi. Tulipoipita Dodoma nchi ilikuwa kavu, kahawia mpaka upeo wa macho. Nikajisemea, huku ndiko! Kila kituo nilichungulia dirishani nikijenga nyumba yangu kichwani.

Tabora nilipokelewa na Bi Zuhura, Mnyamwezi anayenitumia asali ninayoiuza Dar. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo sisi ni watani tangu enzi za misafara ya mababu, na salamu yake ilikuwa kejeli.

"Mzaramo mvivu, umebebwa na treni! Babu zetu walikuja kwenu kwa miguu, mizigo begani!"

Kesho yake tulifika kijiji cha Kigwa. Dalali alituonyesha kiwanja karibu na reli, tambarare kama sinia, bei ya kutupa.

"Mvua huku za kubahatisha, dada," alisema. "Mafuriko utayaona kwenye televisheni."

Mikono iliniwasha. Nikafungua mkoba nitoe malipo ya awali.

Bi Zuhura akatandika khanga katikati ya kiwanja, akalala chali na kuangua kilio. "Uwiii! Mtani wangu kafa maji! Kambare wamejaa sebuleni! Siinuki mpaka nilipwe!"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Ndivyo watani wafanyavyo mazishini: hulala kaburini mpaka wafiwa watoe chochote. Niliendelea kuhesabu noti huku nikicheka, kisha nikagundua nacheka peke yangu. Dalali alitazama viatu vyake. Wanakijiji waliokuja kutazama waligeukia reli. Wasingeweza kumharibia mwenzao biashara. Mtani peke yake ndiye husema lolote na asichukiwe.

"Mama, hapa palikuwa na nini?" nilimuuliza mmoja wao.

"Majaruba ya mpunga, mwanangu," alijibu taratibu. "Mvua zilipokata miaka ile, wakasawazisha, wakapima viwanja. Sasa zimerudi, na zinashuka zote kwa mpigo."

Nilifunga mkoba, nikamlipa Bi Zuhura khanga mpya, ndipo akainuka. Jioni tulipanda mwinuko ulio nyuma ya kijiji, kwenye nyumba za zamani. Kiwanja cha huko kilikuwa kidogo, ghali na chenye mawe. Nilikinunua kwa vigelegele.

Nikirudi na treni nilijua kosa langu: nilikimbia mafuriko ya Dar nikidhani mabadiliko ya tabianchi yamebaki bondeni kwetu. Ukame ule ule ulionivutia ndio ulioficha maji.

Masika yalipofika Dar, nilikuwa nimesimama juu ya kiti, maji yakizunguka miguu ya meza, simu ikalia.

"Sikiliza," alisema Bi Zuhura. Nikasikia vyura, wengi ajabu, wakipiga kelele.

"Uko wapi?"

"Sebuleni kwako, pale nilipolala."

"Na kule juu?"

"Kule juu fundi anayekujengea amenuna. Anasema maji ya kuchanganyia zege yako mbali mno."

Nilipiga kelele mpaka mama akashtuka juu ya kitanda. "Mama! Funga godoro, tunahama!"