Kitabu cha Kurasa Tisa

Zamani kijana alivuka mipaka akiwa amekwisha kusoma, akarudi na kitu kichwani. Siku hizi huvuka kwanza, eti akapumzike, ndipo aje aamue kama anataka kusoma.

Hayo aliyasema Fundi Jalada siku mjukuu wake alipomletea habari, na aliyasema bila kuinua macho, maana alikuwa anashona mgongo wa daftari kubwa la mahudhurio ya shule, na mshono wa mgongo haumsamehe anayeangalia pembeni.

"Umechoka na nini?" alimuuliza. "Mtihani wenyewe wa siku kumi na mbili. Mimi kiti hiki nimekikalia miaka arobaini na sita, na hakuna aliyenipa mwaka wa kunyoosha hata mguu."

"Babu nawe! Siyo kuchoka. Ni mwaka mmoja tu wa kuona dunia. Nakaa na familia ya huko, naangalia watoto wao, jioni najifunza lugha. Na chuo kimekubali kunishikia nafasi."

"Kwa hiyo unakwenda kulea."

"Nakwenda kuona, babu."

"Anayekwenda kuona hapewi mtoto ashike."

Binti alicheka, kwa kuwa alizoea kucheka kila babu yake aliposema kweli. Nyumbani walimwita Kiberiti, kwa wepesi wa kuwaka. Alikulia humo kwenye karakana, chini ya meza, kati ya mikebe ya gundi na mabunda ya kadibodi, kwa sababu mama yake alishinda kwenye chumba cha kufulia cha hospitali na hakuwa na pa kumwacha. Fundi Jalada aliishia darasa la nne. Yaliyobaki aliyasoma kwenye vitabu vya wateja, muda ule ambao jalada jipya limebanwa kati ya mbao mbili likingoja gundi ikauke. Alisoma sheria, alisoma magonjwa ya ng'ombe, alisoma safari za watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa, akamsomea na mtoto kwa sauti. Kila baada ya muda sauti ndogo iliuliza kutoka chini ya meza, "Gundi imekauka, babu?" Ikikauka, kitabu kilirudi kwa mwenyewe na hadithi ikaishia hapo. Kwa hiyo mzee alijibu, "Bado," hata ikiwa imekauka kama mfupa, mpaka sura iishe.

Hivyo ndivyo mtoto wa mfua nguo alivyofaulu, akawa wa kwanza katika ukoo wote kupata nafasi ya chuo. Na nafasi hiyo sasa ilikuwa imesimama kwenye karatasi moja: barua yenye mhuri, inayosema atangojwa mwaka mzima, ila nafasi ithibitishwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

Aliondoka na rafiki yake, binti wa kinyozi wa jirani. Asubuhi ya safari aliiweka barua ile mezani pamoja na vyeti vyake vyote.

"Babu, hii barua ndiyo mimi. Ukiipoteza umenipoteza."

Basi, fundi wa majalada anaitunzaje karatasi? Mtu mwingine angeifungia kabatini. Yeye tangu ujana aliamini karatasi isiyo na mshono ni yatima, upepo wowote unaweza kuichukua. Alichukua karatasi zote tisa, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi barua ya chuo, akazishona kwa uzi aliouvuta kwenye nta, akazivika gamba gumu na mgongo wa kitani cha buluu alichokuwa amekihifadhi kwa kazi ambayo haikuwahi kuja. Akazikata kingo kwenye mashine ziwe sawa, kama kila kitabu kinavyokatwa, akaandika jina la mjukuu kwa herufi za dhahabu. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Wateja walikuwa wameisha, ofisi zote zimehamia kwenye kompyuta, na ile miezi kitabu hicho ndicho kilichomfanya afungue mlango wa karakana kila asubuhi. Akipita mtu, humwonyesha.

"Kurasa tisa tu, fundi?" muuza mayai alimtania. "Kimeisha kabla hakijaanza."

"Za mbele atajaza mwenyewe," alijibu.

Mwezi wa sita ulipoingia alivaa koti, akakibeba kitabu kwenye kitambaa, akaenda chuoni. Karani, kijana wa rika la wajukuu zake, alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akasema kwa adabu kwamba kinapendeza. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho.

"Mzee, namba ya uthibitisho iko wapi?"

"Si imo humo ndani?"

"Huchapwa chini kabisa, pembeni. Herufi ndogo."

Fundi Jalada alivaa miwani. Chini ya barua hapakuwa na kitu, palikuwa na ukingo mweupe ulionyooka kama maji yaliyotulia. Alielewa papo hapo, wala hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kingo zote zilikatwa, na vile vipande vyembamba vilitiwa kwenye gunia, na gunia alilichukua muuza mayai kupangia mayai yake.

"Bila namba mtambo haufunguki, shikamoo yako hauijui," alisema karani, naye akasikitika kweli. "Lakini mwenyewe anaweza kuomba nyingine kwa simu yake. Ana wiki tatu. Mwambie."

Alimpigia siku hiyo hiyo kwa simu ya bintiye. Alikiri yote, mashine, kingo, gunia.

"Usijali, babu," Kiberiti alisema. "Nitashughulikia."

Sauti ilikuwa nyepesi mno. Wiki tatu zikapita, nafasi akapewa mwingine. Binti yake, mama wa Kiberiti, alirudi kutoka kufua, akasimama mlangoni mwa karakana na mikono iliyochubuka kwa sabuni.

"Mwanangu umemkata na mashine yako, baba. Barua moja! Nani alikuambia ishonwe?"

Mzee aliyameza maneno hayo.

Mwezi wa nane binti wa kinyozi alirudi, peke yake. Alikaa barazani kwa baba yake na koti zito la huko mabegani, jua kali, akiangalia barabara kama anayesubiri gari lililokwisha kupita. Fundi Jalada alikwenda kumjulia hali.

"Mliona dunia?"

"Tuliona jikoni, babu. Na dirisha la jikoni."

"Na lugha?"

"'Njoo.' 'Haraka.' 'Siyo hivyo.'" Alicheka bila kuonyesha meno. Kisha akasema, akiwa ameinama, "Babu, usijilaumu na ile namba. Chuo kilimtumia yeye mwenyewe ujumbe mara mbili. Ilikuwa kubonyeza tu. Tulikuwa wote. Akaniambia, 'Nirudi nikaanze upya na watoto wa chini yangu? Nimechelewa kwa kila kitu.' Akafuta. Familia ilishamwongezea miaka miwili."

Mzee alirudi karakana. Hakumwambia bintiye. Mama aliyefua mashuka ya wagonjwa miaka kumi na minane ili mtoto asome afadhali achukie mashine. Lawama akaibeba yeye, na katika nyumba ile hawakuongea tena ila kwa mambo ya lazima.

Mara ya mwisho kumwona Kiberiti ilikuwa kwenye kioo cha simu, Jumapili moja mchana. Alikuwa amekonda, amebeba kiunoni mtoto wa watu anayemvuta nywele, na nyuma yake bomba la maji linatiririka. Mzee alikiinua kitabu mbele ya simu, mgongo wa buluu, dhahabu yake ikawaka.

"Kizuri, babu," alisema. Akatazama kidogo. "Gundi imekauka?"

"Bado," mzee alisema.

Mtu aliita kutoka chumba kingine, neno moja fupi. Kiberiti aligeuka haraka, akailaza simu juu ya kitu, kioo kikawa cheusi. Mzee alikaa na kitabu kimeinuliwa, akisikia maji, mpaka bintiye alipokuja kuchukua simu yake.