Kifundo Kilichokosa Nyama

Mimi hesabu nilifundishwa kwa kiboko. Nasema bila aibu, maana wengi waliokaa na mimi kwenye lile benchi la misheni walibaki hukohuko wanalia, na mimi nikawa mtu mwenye bucha mbili mtaa wa Iringo, Musoma mjini. Ukikosea namba, unanyoosha mkono, mwalimu anakupiga kwenye vifundo vya vidole. Nilisoma miaka miwili tu. Nilipotoka nilikuwa nahesabu mpaka mia, na ukucha wa kidole gumba haujaota mpaka leo. Nikashika kisu. Waingereza wenyewe wakawa wanamtuma mpishi wao kwangu kuchukua sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Musoma wakati ule nani hakunijua?

Kwa hiyo binti yangu wa kwanza alipofika miaka mitano, na masista wakawa wamefungua darasa la vidudu, niliamua aingie pale akiwa tayari. Jioni nikifunga bucha namkalisha kwenye mkeka, mkanda wangu uko gotini.

"Hesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, tisa."

Nachapa. "Rudia."

"Tano, sita..." Anautazama mkanda, na saba nayo inampotea. Nachapa tena.

Siku ya nne alijikojolea kabla hata sijamwambia aanze. Nikainua mkono, lakini haukushuka. Mke wangu alikuwa ameushika kwa nyuma, na mkono wake wa pili ulikuwa na panga langu la kukatia mifupa.

"Baba watoto," akasema, "leo umechinja mbuzi watatu. Huyu ukimgusa, wa nne ni wewe."

"Nataka awe na akili!"

"Akili inaingilia matakoni? Niletee vifundo vya mbuzi, halafu ukakae kule."

Mke wangu hakusoma hata siku moja. Alichimba shimo dogo uani, akaweka humo vile vifupa vya mguu wa nyuma wa mbuzi, wakaanza kucheza mdako. Mtoto anarusha kimoja juu, na kabla hajakidaka anazoa vilivyomo shimoni, kisha anavirudisha vyote isipokuwa kimoja. "Vilikuwa kumi, mwanangu, umetoa kimoja. Shimoni vimebaki vingapi?" "Tisa!" "Toa kingine." "Nane!" "Ahaa, kumbe nane ulikuwa umemficha humo?" Mtoto anacheka mpaka anaanguka. Mwezi haukuisha akawa anafika thelathini na kurudi kinyumenyume, kitu ambacho mimi mwenye bucha nilikuwa sikiwezi. Sikumwambia mtu. Nikawa namletea vifundo vingine, damu haijakauka. "Mbuzi mmoja ana viwili. Leo nimechinja watano." Anavipanga mchangani viwili viwili. "Kumi, baba." Buchani nikawa natangaza kwamba nimebuni njia ya kumfundisha mtoto bila fimbo. Mke wangu alikuwaga akisikia hivyo anaguna tu.

Basi nikataka watu wamwone. Nikaenda naye mnada wa Bunda, siku ambayo ng'ombe wa vijiji vya Mugeta wameteremshwa wengi. Akasimama juu ya ukingo wa zizi, kidole mbele, akawahesabu wote mpaka wakaisha. Madalali wakapiga makofi, wakampa muwa. "Mzee, huyu ndiye mwenye bucha, wewe ni karani wake!" Kichwa kikanivimba. Nikasema hatulali mjini kabla baba yangu hajayaona haya. Tukapanda lori la pamba mpaka Butiama, bomani kwa baba.

Sasa sikia kosa langu. Mimi ni mtoto wa boma, nimechunga. Kwetu ng'ombe aliye hai hahesabiwi, wala hanyooshewi kidole. Anajulikana kwa rangi yake na kwa mama yake. Kumpa namba ni kumwitia kifo. Ng'ombe wa mnadani ni nyama inayotembea, huyo hana mwiko. Na mimi kwa miaka yote ile nilikuwa nimehesabu wa kuchinja tu, mpaka nikasahau kuna wengine.

Ng'ombe wa baba walikuwa wanaingia zizini, jua linashuka. Mtoto akaniponyoka, kidole mbele. Nikasikia sauti yake, safi kama kengele ya misheni: "Nane, tisa, kumi, kumi na moja..."

Baba yangu alisimama mlangoni na fimbo ya kuchungia. Aliishusha kwenye kile kidole, na mimi ambaye kazi yangu ni mifupa niliujua ule mlio.

Nilimrukia baba yangu mzazi. Nilimnyang'anya fimbo. Kaka yangu akanipiga rungu la bega, nikageuka nikampiga kichwa cha uso, meno mawili yakabaki kwenye vumbi. Akaja tena. Nikachomoa kisu.

"Choma basi," baba akasema. "Si ndiyo kazi uliyoisomea?"

Mtoto alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wake. Hakulia. Aliniangalia kama alivyokuwa anauangalia ule mkanda. Nikakirudisha kisu kwenye ala.

"Kidole chake kilifika kwa yule mwekundu mwenye tumbo jeupe," baba akasema. "Akifa yule, wewe na mtoto wako si wa boma hili. Nyumba yako humu bomani nitaichoma mwenyewe."

Nikasema sijali. Uongo mtupu. Unaweza kuwa na bucha mbili, lakini kama huna boma, utazikwa wapi?

Asubuhi mwekundu alikuwa chini. Anakoroma, viwiko amevitanua, kidari kimevimba maji. Nilishawaona wa namna hiyo. Nikamchinja kabla hajafa, nikampasua mbele ya majirani wote, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Moyoni mwake kulikuwa na usaha, na ndani ya usaha kipande cha waya kirefu kama kidole. Nikakiosha, nikaenda nacho mpaka kwenye mlango wa zizi. Kaka yangu alikuwa ameufunga kwa waya wa marobota ya pamba, aliouleta kutoka kiwanda cha pamba Bunda, na vipande alivitupa majanini wanapolisha ng'ombe. Waya ni uleule.

"Kidole cha mtoto hicho!" nikapaza sauti. "Kimekaa humu miezi!"

Kaka yangu akatema damu. Baba akaugeuzageuza ule waya.

"Waya ulikuwepo siku zote," akasema. "Mbona ameanguka leo?"

Nikarudi kwa mwekundu, nikaanza kuchuna.

Kwetu ng'ombe akianguka, kila nyumba ya boma inapata fungu lake. Asiyewekewa fungu ameshafukuzwa, hahitaji kuambiwa. Nilikuwa nachuna ngozi nimeinama, na kaka yangu ndiye aliyetandika majani na kugawa. Hapo mtoto akatoka kwa bibi yake, kidole kimefungwa kijiti na kitambaa cha khanga. Akasimama mbali na babu yake.

"Babu, huyu ameshakufa?"

"Amekufa."

"Aliyekufa anahesabiwa?"

"Anahesabiwa."

Mtoto akatoa vifundo vyake kwenye mfuko wa gauni kwa mkono wa kushoto. Akavipanga chini, akitaja: cha nyumba ya babu, cha baba mkubwa, cha nani na nani, mpaka nyumba zote tisa zikaisha. Hakunyoosha kidole popote. Kisha akavichukua, akapita kwenye majani, juu ya kila fungu kifundo kimoja. Akafika mwisho. Mkononi kilibaki kimoja.

"Babu, hiki hakina nyama. Ni cha nyumba yetu."

"Mtoto wa mjini hajui kuhesabu," kaka yangu akasema, mdomo umevimba.

Mtoto akaviokota vyote, akaanza upya. Kikabaki kilekile. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, na ninaapa nilikuwa najua pa kukipeleka, lakini yeye alikuwa amesimama katikati.

Baba akaja, akakichukua kisu kwangu. Akampiga kaka yangu fimbo moja ya mgongo, ya kumwangusha, akainama kwenye fungu la huyohuyo, akakata nusu nzima ya mbavu. Akaitupa mbele ya mtoto, akakichukua kile kifundo mkononi mwake.

"Tisa," akamwambia. "Haya, funga mdomo."

Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba kwake. Kidole kiliunga kikiwa kimepinda, na masista walishangaa kwamba mtoto anajua kutoa na kujumlisha lakini hanyooshi kidole kwenye kitu chochote, hata ubaoni. Kile kifundo cha mwisho babu yake hakukirudisha. Tulipokwenda kumzika, tulikikuta ndani ya kibuyu chake cha ugoro, na yeye binti yangu ndiye aliyekitambua.