Kompyuta Iliyokondeshwa

Mfasiri alikuwa na kompyuta kongwe, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, ukanywa, ukasuuza kikombe, nayo bado inapiga miayo. Na mchapishaji alikwisha sema: maelekezo ya pampu ya maji yafike Ijumaa saa sita mchana, la sivyo kazi anapewa mwingine. Mama wa watu alikwisha chelewa mara mbili. Ya tatu haikuwa na msamaha.

Basi akaamua kuikondesha. Akafuta michezo, akafuta picha ya maua, akafuta utitiri wa programu asizojua hata ziliingiaje. Kipanya akakifungia kabatini. Kikabaki kioo cheusi chenye maandishi meupe, basi. Alipobonyeza, mashine ikaamka papo hapo. Raha aliyoiona haisemeki. Akakigeukia chumba nacho, akatoa rafu, kalenda na mito, ikabaki meza na kiti. Kazi ikashika kasi.

Alhamisi asubuhi akaenda kung'oa jino. Mumewe, mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa likizo, akachungulia chumbani, akaona weusi, maandishi meupe yasiyo na picha hata moja, na kimstari kinachopepesa. Masikini, akajua mashine inakata roho. Mchana akaikimbiza kwa fundi, na fundi, asiyependa kazi nusunusu, akaifuta yote, akaijaza upya, na maua juu.

Mfasiri aliporudi jioni na shavu lake lililovimba, aliyaona yale maua, akaketi sakafuni. Sura nyingine alikwisha zituma. Ya mwisho ilikuwa humo tu.

"Umenimaliza, Mwalimu," alisema kwa nusu mdomo.

"Tulia, mke wangu. Kwani ningeiacha ife na maneno yako?" Mwalimu akatoa daftari. "Kabla ya kuipeleka nilinakili yote. Nabonyeza mshale, naandika, nabonyeza, naandika. Mkono huu hauna hali."

Kurasa kumi na moja, mwandiko wa ubaoni, hata nukta haikupotea. Hasira ikamwisha palepale, akampenda yule mtu mpaka ufizi ukamuuma.

Ijumaa asubuhi wakaketi, Mwalimu akisoma kwa sauti ya imla, mfasiri akichapa. Saa tano na nusu wakafika ukurasa wa mwisho.

"Kaza nati zote nne. Nukta. Fungua maji taratibu. Nukta." Mwalimu akafunua. "Aya mpya. Vitu vya kuondoa sebuleni mwezi huu. Nukta mbili. Saa ya ukutani, mkato, redio, mkato, kochi la mume wangu. Nukta."

Vidole vya mfasiri vikasimama. Aibu ikampanda mpaka kwenye shavu lile bovu.

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Hapa kwenye kochi nilirudia kusoma mara tatu," alisema. "Nikasema pengine ni kifaa cha pampu."

Pampu ilitumwa saa sita kasoro dakika kumi. Kochi halijaguswa mpaka leo.